UCHAMBUZI: Mwalimu asiyechora atamfunzaje mtoto kuchora?

WANAFUNZI wa kwanza wa Gredi ya 10 walipojiunga na sekondari pevu Januari 2026, walitengewa mikondo mitatu ya masomo: Sayansi, Teknolojia na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Katika stakabadhi za serikali, basi, mchoraji na mfinyanzi sasa wamepewa kiti kando ya mwanafizikia. Darasani mambo ni tofauti. Anayetarajiwa kumwelekeza mtoto katika uchoraji, mara nyingi, ni mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuelekezwa.

Asili ya pengo hili inajulikana. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, somo la sanaa na kazi za mikono lilitahiniwa katika KCPE pamoja na masomo mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani huo yalipunguzwa hadi matano, na sanaa ikaachwa nje.

Somo halikufutwa katika ratiba. Hata hivyo, kila mzazi aliyesomesha mtoto miaka hiyo anajua kipindi chake kilikoishia: mwalimu wa Hisabati alikichukua ili amalize silabasi, na wiki iliyofuata akakichukua wa Kiingereza.

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bila malipo, sasa anakaribia umri wa miaka 30. Alipita shule ya msingi bila kufunzwa kuchanganya rangi. Katika shule ya upili huenda hakuliona somo hilo kabisa, kwa kuwa ni shule chache tu zilizokuwa zikilitoa. Huyo ndiye aliyeajiriwa kuwa mwalimu, na si haki kumlaumu kwa kile alichonyimwa.

Mambo yalitatizika zaidi sekondari msingi ilipoanza Januari 2023. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kufundisha Gredi ya 7 walikuwa wamesomea masomo mawili ya shule ya upili, kwa mfano Historia na Kiswahili. Kisha, kufuatia mapendekezo ya jopo lililoongozwa na Prof Raphael Munavu, masomo yalipunguzwa hadi tisa. Sanaa ya kuchora, muziki, uigizaji na michezo vikaunganishwa kuwa somo moja la vipindi vitano kwa wiki.

Matokeo yake si vigumu kuyabashiri. Mwalimu aliyekuwa mchezaji atawapeleka wanafunzi uwanjani. Aliyelelewa katika kwaya atawaimbisha, na tamasha za muziki zitamtunuku. Uchoraji, usio na tamasha wala kombe, unabaki kuwa wa siku ya mvua.

Suala hili lingekuwa dogo kama lisingegusa alama za watoto. Zaidi ya wanafunzi milioni 1.1 walifanya mtihani wa kwanza wa KJSEA mwishoni mwa 2025. Mtihani wenyewe huchangia asilimia 60 ya matokeo, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20 iliyobaki. Kazi ya mikono inayofanywa shuleni hupimwa na mwalimu wa mtoto. Iwapo hajui tofauti kati ya kivuli kilichotiwa kwa makini na karatasi iliyochafuliwa kwa penseli, atatuza nini?

Walimu wamekuwa wakipewa semina za siku chache, hasa wakati wa likizo. Humo hufundishwa jinsi ya kujaza andalio la somo: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, maswali dadisi, nyenzo na hatua za ujifunzaji. Haya yana umuhimu wake. Lakini andalio linaweza kujazwa kikamilifu na mtu asiyejua lolote kuhusu kinachoandaliwa, na siku hizi maandalio yaliyokwisha kujazwa huuzwa na kusambazwa kwa simu kama mandazi ya asubuhi.

Chukua somo la kuchanganya rangi katika Gredi ya 4. Kipindi ni cha dakika 35 na darasa lina watoto 50. Andalio la kunakili litasema kuwa mwanafunzi achanganye manjano na buluu ili apate kijani. Ni kweli tupu.

Kile lisichokisema ni kwamba buluu huimeza manjano. Anayeanza na kijiko cha buluu atamaliza manjano yote ya darasa kabla ya kuuona ukijani. Inafaa kuanza na manjano, kisha kuongeza buluu kwa ncha ya brashi, tone baada ya tone.

Aidha, haliulizi maji yatatoka wapi katika shule isiyo na mfereji, nani atayagawa, karatasi mbichi 50 zitaanikwa wapi, wala dakika ngapi zitatumika kuosha mikono kabla ya mwalimu wa kipindi kinachofuata kusimama mlangoni. Wala halionyi kuwa karatasi nyepesi ya daftari la kawaida hujikunja na kutoboka ikilowa. Mwalimu hugundua hayo yote katikati ya somo, watoto wakipiga kelele, na kuanzia siku hiyo huapa kutorudia. Muhula unaofuata atawaagiza wachore bendera ya taifa na kuipaka rangi kwa krayoni.

Dawa ya ugonjwa huu ni ya bei nafuu kuliko inavyodhaniwa: mwalimu awe na daftari lake la michoro, na alitumie kabla ya kuliandika andalio.

Daftari hilo halipaswi kuchanganywa na lile ambalo wazazi huorodheshewa mwanzoni mwa muhula. Katika shule nyingi, kitabu cha kuchorea cha mtoto kimegeuzwa kuwa daftari la kazi safi. Kila ukurasa una mchoro mmoja uliofutwafutwa na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Daftari la michoro la kweli ni shamba la majaribio. Mistari iliyokosewa huachwa palepale. Mkono uleule huchorwa mara sita, kando yake pakaandikwa kwamba kidole gumba kimekuwa kirefu mno. Madoa ya rangi hupangwa kwa safu, kila moja likionyesha ni matone mangapi yaliongezwa.

Mwalimu aliyetumia nusu saa jioni kuchora sufuria ya nyumbani kwake, kwanza kwa penseli ngumu ya H na kisha kwa laini ya 4B, ataingia darasani akijua mambo ambayo semina haikumwambia. Atajua kuwa penseli ya kawaida ya HB haitoi weusi wa kutosha kwa kivuli kizito. Atajua pia kuwa mdomo wa sufuria ukitazamwa kwa pembeni si duara, bali ni yai lililolala, na kwamba hapo ndipo kila mtoto atakapokwama. Andalio lake litatenga dakika kumi kwa yai hilo, ilhali la mwenzake aliyenakili litasema tu, "mwanafunzi achore sufuria."

Jingine muhimu ni kuwa ataweza kuwaonyesha wanafunzi makosa yake mwenyewe. Mtoto anayeona kuwa mwalimu naye alikosea mara tano haogopi karatasi nyeupe.

Kwa upande wa nyenzo, lawama imekuwa kwamba sanaa ni somo la matajiri. Malalamishi ya wazazi kuhusu gharama za mtaala wa umilisi yalifika Mahakama Kuu Septemba 2021, na hayakuwa ya bure. Mgao uliowekwa kwa sekondari msingi, Sh15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, umekuwa ukichelewa kufika shuleni, na pesa zinapowasili brashi si za kwanza katika orodha.

Pamoja na hayo, sehemu ya gharama hiyo inatokana na kutojua. Vijiti vikavu vilivyofungiwa ndani ya mkebe wenye tundu dogo na kuwekwa juu ya jiko huwa mkaa mzuri wa kuchorea. Udongo mwekundu au wa kichuguu ukichekechwa na kukorogwa katika uji mzito wa wanga huwa rangi, ingawa huvunda baada ya siku chache na hivyo haufai kutayarishwa Ijumaa. Mambo kama haya huthibitishwa kwa kujaribu tu, na pa kujaribia ni daftari.

Historia ya sanaa ya Kenya ina mfano ambao vyuo vya ualimu vingepaswa kuufunza. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka wa 1928, alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambako Mkenya mwenzake, mchongaji Gregory Maloba, alikuwa akifundisha. Alirudi nyumbani akawa mwalimu. Alipokosa pesa za kununua rangi, alikata vipande vya pakiti za unga na karatasi za kufungia sabuni, akavibandika hadi vikawa kuku, ng'ombe na wanawake wa kijijini. Mwaka wa 1990 kazi zake zilikuwa katika maonyesho ya Studio Museum mjini Harlem, Marekani. Karuga aliaga dunia mwaka wa 2021.

Pakiti za unga zipo katika kila boma. Kilichomtofautisha Karuga ni miaka aliyokaa Makerere akifunzwa kuona, na mafunzo hayo ndiyo hayapatikani kwa semina ya siku tatu.

Kuna watakaosema kuwa suluhisho ni kuajiri walimu waliosomea sanaa pekee. Kwa sekondari pevu hoja hiyo ina uzito, kwani mwanafunzi aliyechagua mkondo wa sanaa hawezi kukabidhiwa mwalimu anayejifunza pamoja naye. Lakini kwa shule za msingi zilizotapakaa kote nchini haitekelezeki. Huko, mwalimu mmoja ataendelea kufundisha kila kitu.

Hivyo macho yanaelekezwa kwenye vyuo vya ualimu, ambavyo tangu 2021 vinatoa diploma ya miaka mitatu badala ya cheti cha P1. Mkufunzi anapomtembelea mwanagenzi katika mazoezi ya kufundisha, hukagua faili yenye maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na rekodi ya kazi. Hakuna kinachomzuia kuitisha pia daftari la michoro, na kulinganisha andalio la siku hiyo na ukurasa ambao mwanagenzi alilijaribia.

Daftari lisilo na mistari halihitaji bajeti mpya ya Bunge. Linahitaji mkufunzi anayejua atazame nini ndani yake, na wengi wa wakufunzi hao walipitia mfumo uleule uliowanyima walimu wao penseli. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 linatarajiwa kukamilisha sekondari pevu mwaka wa 2028.