Turudishieni Karatasi Zetu

Ndugu zangu wa hapa Nyarugusu, na nyinyi wenzetu wa mashirika mnaosoma haya mkiwa ofisini, nitasema wazi: mashairi ya vijana wetu yanachumwa mabichi. Yanakusanywa kabla hayajaiva, halafu tunaambiwa tupige makofi.

Utaratibu mnaujua. Asubuhi mwezeshaji anaandika mada ubaoni. Leo "Nyumbani", kesho "Amani", kesho kutwa "Ndoto Yangu". Vijana wanaandika kwa saa moja, wanasoma kwa sauti, wanapigwa picha, karatasi zinakusanywa, kwisha. Kesho mada nyingine. Vijana 25 mara siku 20 ni mashairi 500, na namba hiyo inapendeza sana kwenye ripoti. Lakini muulize kijana yeyote akusomee shairi lake la juzi. Hana. Lilienda na bahasha.

Sisemi mada ya kila siku ni mbaya. Inasaidia, kweli kabisa. Mtu aliyekaa miezi bila kuandika anapata pa kuanzia. Huko Marekani mshairi Maureen Thorson alianzisha mwaka 2003 zoezi la kuandika mashairi 30 kwa siku 30 za mwezi Aprili, na watu wengi wanalifuata mpaka leo. Lakini anayeandika kule anabaki na karatasi zake. Mei ikifika anakaa nazo, anatupa 25, anashughulika na 5. Sisi tumeletewa Aprili bila Mei.

Wala kupewa neno na mwenzako ulijibu si jambo geni kwetu wasema Kiswahili. Mombasa ya Muyaka, karne ya 19, watu walijibizana kwa mashairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na mmoja akiuliza, mwingine alijibu. Aliyejibu kwa beti alikuwa na muda wa kuhesabu mizani, kutafuta kina, kufuta na kuandika tena, kwa sababu alijua kuna mtu makini anamsubiri upande wa pili. Vijana wetu nani anawasubiri? Kamera.

Nitoe mfano, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Binti mmoja wa kundi letu, ambaye ameniruhusu kueleza haya, alipewa mada "Nyumbani". Siku ya kwanza aliandika hivi:

Nyumbani ni pazuri, nyumbani kuna amani,
Nakumbuka nyumbani kwetu, Mungu tusaidie jamani.

Alipigiwa makofi mengi. Bahati nzuri alikuwa amenakili kwenye daftari lake. Kesho yake, baada ya wengine kutawanyika, nilimuuliza: nyumbani kwenu kuna nini hasa? Akasema, hakumbuki vizuri, alikuwa mdogo, ila kuna kopo ambalo mama yake alitoka nalo Baraka, kule Fizi, na mpaka leo anapimia unga. Nikamwambia, basi andika kopo. Siku ya tatu alikuja na mstari wa kopo na mwingine unaosema "unga ukija ni nusu". Ukweli ulikuwepo, ila kina cha kati kilivunjika: "kopo" na "nusu" haviimbi pamoja. Alihangaika siku mbili. Siku ya tano akaleta hivi:

Mama hupima kwa kopo, kopo letu la Baraka,
Unga ukiwa haupo, kopo halijapunguka.

Hesabuni wenyewe: nane kwa nane, kila mstari. Lakini tazameni zaidi ya mizani. Kina ndicho kilichomlazimisha aiache "nusu" na kufika kwenye "haupo", na hapo ndipo shairi lilipouma. Mistari hii miwili inasema habari ya mgao kuliko hotuba nyingi nilizosikia, na ndani yake hakuna neno "nyumbani" hata moja. Wala haimo kwenye bahasha. Kwenye bahasha imo ile ya siku ya kwanza, na huko nje ndiyo inayomwakilisha.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: ukisahihisha unaua hisia, shairi la kweli ni lile linalotoka moyoni mara moja. Hapana. Kinachotoka mara moja mara nyingi ni kile tulichokisikia kwenye hotuba za tarehe 20 Juni: amani, matumaini, tunashukuru. Kilicho chako kinachelewa kutoka. Hata hawa wa mashairi huru wasifikiri wamesamehewa. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aliacha vina na mizani, na watu wakabishana miaka mingi. Kuacha vina si kuacha kazi.

La pili: vijana hawana muda, wana foleni, wana kuni, wana maji. Kweli. Ndiyo maana mada moja kwa wiki inawafaa kuliko mada tano. Mtu anaweza kutafuta kina kimoja akiwa foleni ya maji. Hawezi kuanza shairi jipya kila asubuhi.

La tatu: mradi una malengo yake. Basi badilisheni kinachohesabiwa. Hesabuni mashairi yaliyoandikwa upya mara tatu. Yatakuwa machache, sawa. Darasani hata imla inarudishwa ikiwa na wino mwekundu. Shairi la mtu linastahili chini ya imla?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Karatasi ya kwanza ibaki kwa mwandishi, na shirika lichukue nakala ya mwisho, akikubali mwenyewe. Kila kijana apate daftari moja la kudumu, si karatasi moja moja. Mada moja ikae wiki nzima. Na mada zitoke kwetu pia. Tumechoka kuulizwa kila siku kuhusu safari na machozi. Tuulizeni kuhusu mkaa, kandanda, harusi, jirani anayekoroma nyuma ya ukuta wa udongo.

Kundi letu limeshaanza, bila bajeti. Wiki ijayo mada ni "Foleni", imetolewa na kijana Mrundi ambaye Kiswahili bado kinampiga chenga. Wenzetu wa mashirika mnakaribishwa, ila mje na shairi lenu, siyo kamera. Litasomwa, litakatwa kwa penseli, na mtarudishiwa mkalifanyie kazi.