Mashini ya kuchapa kwa koperative: tuhesabu karatasi mbele ya kununua

Ndugu walimaji, kila mara mavuno ya mupunga na karanga yanapoisha, komite za koperative za Kasongo na Kabambare zinatuletea ombi lile lile: mutusaidie tupate imprimanti, ni kusema mashini ya kuchapa karatasi, na kama inawezekana ile kubwa yenye kutoa fotokopi pia. Tunaelewa. Mutu anayetoka kijijini na pikipiki mpaka mjini kwa kufanya fotokopi ya orodha ya wanamemba anapoteza siku nzima, na esansi anayochoma inapita bei ya fotokopi zenyewe. Tena siku ingine anafika na kukuta grupu ya mwenye mashini imezimika.

Lakini kwa mawazo yetu, komite nyingi zinaanzia mwisho. Zinauliza kwanza bei ya mashini. Mashini inanunuliwa mara moja. Kinachokula sanduku la koperative ni poda, karatasi na umeme, na hivyo vinaomba pesa mwezi kwa mwezi.

Tuanze na karatasi zenyewe, zinatumika kwa nini. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa tarehe 15 Desemba 2010 na inayotuhusu tangu Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, inaomba koperative iwe na rejista ya wanamemba, hesabu za mwaka na mukutano mukuu. Hayo yote yanataka karatasi. Lakini kwa mulimaji, karatasi kubwa kuliko zote ni ile inayosema: fulani alileta kilo fulani, tarehe fulani. Musimu moja, orodha ya kilo za koperative moja ilichapwa kwa mashini ya wino. Mutunza depo alivuka nayo Lualaba kwa mutumbwi, mvua ikamukuta katikati ya maji. Alipofika ngambo, majina yalisomeka nusu, kilo hazikusomeka hata kidogo. Siku ya malipo, wamama wawili walisema kila mumoja alileta magunia saba; mutunza depo alikumbuka matano. Hakukuwa karatasi ingine ya kuamua. Komite ililipa saba, pesa ikatoka kwa sanduku la wote, na mpaka leo kuko watu wanaosema wale mama walidanganya. Sisi hatujui. Hakuna anayejua, na hilo ndilo linatuumiza.

Juu ya hiyo tunasema wazi: koperative ikiamua kununua, inunue mashini ya lazeri, ndogo, ya rangi nyeusi peke yake. Mashini ya wino inanyunyiza maji ya rangi juu ya karatasi, na wino mwingi wa namna hiyo ukilowa unatiririka. Lazeri inafanya kwa njia ingine. Mwanga unachora maneno juu ya silinda, poda nyeusi inashika pale maneno yalipo, kiisha karatasi inapita chini ya rola ya moto, karibu digrii 200, na ile poda, ambayo sehemu kubwa ni plastiki, inayeyuka na kushikamana na karatasi. Karatasi ikilowa itakunjamana, lakini kilo zako zitabaki kusomeka.

Kuko sababu ya pili, na kwetu ndiyo inapita ile ya kwanza. Kazi yetu ni ya musimu. Kuko wiki mbili za kuchapa karatasi mia tano, kiisha miezi miwili bila kuchapa hata moja. Wino hauvumilii kungoja. Unakauka ndani ya vitundu vidogo, na mashini inaanza kutoa mistari myeupe kati ya maneno. Poda haikauki, iko kavu tayari. Mashini inaweza kulala tangu kupanda mpaka kuvuna, mukiifunika vizuri na nguo, na ikaamka bila matata.

Sasa tuseme ubaya wake, maana wauzaji hawatawaambia. Ile rola ya moto inakula umeme. Imprimanti ndogo ya lazeri ikichapa inaomba wati 300 mpaka 500, na kwa sekunde chache za kupasha moto inaweza kuruka mpaka karibu 1000 ao kupita. Mashini ya wino inatosheka na wati 20 hivi. Biro zetu nyingi ziko na pano moja ao mbili za jua, batri moja, na kile kisanduku cha kugeuza umeme cha wati 300. Mukichomeka lazeri pale, kisanduku kitalia na kuzima, ao kitaungua. Dawa tunayoona ni kuwa na siku ya grupu: muandike kazi wiki nzima kwenye ordinatere kwa umeme wa jua, kiisha siku moja muwashe grupu yenye nguvu ya kutosha, muchape yote kwa saa moja, muzime. Koperative isiyokuwa na grupu na haiwezi kuazima, isinunue lazeri. Ibaki na daftari ya karboni na kalamu ya biki. Karboni si haya.

Na ile mashini kubwa ya fotokopi, yenye magurudumu? Hapa tunapaswa kukubali kosa letu. Miaka ya nyuma tulipeleka moja kwenye biro ya koperative, na picha tulipiga. Ilichapa muda mufupi. Kiisha kipande kidogo kilivunjika, fundi wa karibu alikuwa Bukavu, na kumuleta kungegharimu nusu ya bei ya mashini. Leo panya wamefanya nyumba ndani. Walimaji walijua tangu siku ya kwanza kwamba haiwafai, lakini nani atakataa zawadi mbele ya wageni? Mukatae. Hata ikitoka kwetu, mukatae, na muombe ile ndogo yenye kioo juu, inayochapa na kutoa fotokopi, ambayo mutu mumoja anaibeba kwa mikono miwili.

Hesabu yake ni hivi. Tuseme kartushi ya poda inafika Kasongo kwa dola 60 na inatoa karatasi 1500, na rame ya karatasi 500 ni dola 7. Poda ni senti 4 kwa kila karatasi, karatasi yenyewe karibu senti moja na nusu. Mbele ya esansi, ni senti tano na nusu. Mutie bei zenu wenyewe. Lakini muangalie: kartushi inayokuja ndani ya mashini mupya mara nyingi imejazwa nusu tu, na ile hesabu ya karatasi 1500 ya kiwandani inahesabu ukurasa ambao wino unafunika asilimia 5 peke yake. Mbele ya kulipa mashini, muulize kama kartushi yake inapatikana Kindu. Kama muuzaji anakuna kichwa, muache.

Komite fulani zinatuambia mashini itajilipa: walimu watachapa mitihani, kanisa litachapa programu. Inawezekana, lakini tuliona kartushi inaisha wakati wa mitihani, na hesabu za mavuno zinakosa poda. Kartushi ya pili iwe imefungwa ndani ya sanduku mbele ya kumuchapia mutu wa inje karatasi hata moja. Na daftari iwe pembeni ya mashini, kila anayechapa aandike, hata mukubwa wa komite. Kwanza yeye.

Kwa upande wetu, kuko kitu kimoja cha kurekebisha. Fomu tunazowapa zimejaa alama za wafadhili juu na chini, nyeusi tii, na yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Kila alama inakula poda ya mulimaji. Fomu za mavuno yanayokuja tutaomba zitoke na jina letu mara moja, kwa herufi ndogo, chini kabisa.