Mwalimu wa sinema hana wenzake

Nafundisha hisabati kidato cha pili, Morogoro. Sinema ya Stand and Deliver, iliyotoka mwaka 1988, naipenda, na kwa kuwa naipenda, naidai ukweli.

Edward James Olmos anacheza Jaime Escalante, mwalimu mzaliwa wa Bolivia aliyefundisha shule ya Garfield, mashariki mwa Los Angeles. Anaingia darasani kavaa aproni kama mpishi, anakata matofaa kwa panga la jikoni, na vijana waliokwisha kujikatia tamaa wanaanza kuzielewa sehemu. Tukio zuri kabisa. Aliyelibuni anajua kwamba mtoto huelewa nusu na robo akiziona zikikatwa.

Lakini sinema inawavusha vijana haohao kutoka kwenye sehemu hadi kalkulasi mbiombio. Mimi nina mwanafunzi ambaye ukimpa hasi 3 kutoa 5 anakuandikia chanya 8, kwa sababu kakariri kwamba hasi mbili zikikutana huzaa chanya. Anachanganya kanuni ya kuzidisha na ya kutoa. Kumng'oa hapo ni kazi ya wiki kadhaa, na anayenisaidia ni mwenzangu wa kidato cha kwanza, anayekaa naye baada ya vipindi na mstari wa namba uliochorwa kwa chaki sakafuni.

Escalante mwenyewe hakuruka ngazi. Alianza kazi Garfield mwaka 1974. Miaka michache baadaye darasa lake la kwanza la kalkulasi lilifika kwenye mtihani na wanafunzi 5, wakafaulu 2. Mwaka uliofuata walikuwa 9, wakafaulu 7. Ndipo ukaja 1982: walifaulu wote 18, waandaaji wa mtihani wakawashuku 14 kati yao, na 12 waliokubali kurudia wakafaulu tena. Pembeni yake alikuwepo mwalimu Ben Jiménez, na juu yao mkuu wa shule Henry Gradillas, aliyewakingia kifua walipotaka kuyapandisha masomo ya madarasa ya chini. Sinema haiwapi nafasi wanayostahili. Badala yake inamwonesha mwalimu mmoja anayefanya kazi hadi moyo unamgomea, na tunatakiwa tumpende kwa hilo.

Hili linaniuma kwa sababu picha hiyo haibaki kwenye skrini. Matokeo yakitoka, mzazi anauliza yuko wapi mwalimu mwenye wito, haulizi shule ina walimu wangapi wa hisabati. Hata Garfield haikusimama kwa mtu mmoja: Gradillas aliondoka mwaka 1987, Escalante akaondoka 1991, na idadi ya waliofaulu kalkulasi pale ikaporomoka.

Ningelipa kiingilio nione sinema ya lile darasa la wanafunzi 5. Nione wale 3 walioshindwa wakiletewa matokeo, na Escalante na Jiménez wakiyapitia makosa yao swali kwa swali, wakiamua nini kianze kufundishwa mapema zaidi mwaka unaofuata.