Sinema Yenye Sauti Mbili

Naanza kwa kuwaomba radhi wasomaji walioleta barua wakitaka niendelee na habari za kuhifadhi maharage yasiharibiwe na wadudu. Maharage yatangoja juma moja. Leo nataka kuzungumza habari za sinema, kwa kuwa nimerudi kutoka Nakivale na jambo lililonikaa moyoni, nami sina mahali pengine pa kulitua ila hapa.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kuwa mwenye safu hii ni mpenzi wa sinema. Pengine hawajui ni sinema za aina gani. Watu hudhani kwamba mke wa askari, akipata nafasi ya kuketi baada ya kuosha vyombo, hutafuta picha ya mapenzi ili alie kidogo kisha alale. Mimi napenda picha za vita na za ngumi. Enter the Dragon ya Bruce Lee, iliyotoka mwaka 1973, nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia huku nikichambua mchele. Commando ya Arnold Schwarzenegger, ya mwaka 1985, naijua kwa moyo. Mume wangu, ambaye bunduki ni kazi yake, hawezi kuitazama hiyo Commando kwa dakika 10 bila ya kuuliza ni nani anayembebea bwana yule risasi zake zote, na kwa nini maadui wanapiga wakiwa wamesimama wazi kama watu wanaongoja basi. Mimi humwambia anyamaze. Kazini kwake kuna sheria zake, na katika sinema kuna zake.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikinikera, nacho ni wafasiri. Ukipita mitaa ya Mbarara jioni utasikia kutoka katika vibanda vya video sauti ya mtu mmoja inayosema mambo yote: yeye ndiye shujaa, yeye ndiye adui, yeye ndiye bibi arusi, yeye ndiye helikopta. Hapa Uganda watu hao huitwa VJ, na wengi wao hufasiri kwa Kiganda. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanajulikana hata kwa mtoto ambaye bado hajui kuandika lake mwenyewe. Katika ubao wa mlangoni nimeona jina la VJ likiandikwa kwa chaki kubwa kuliko la mwigizaji. Mimi niliwaona kuwa waharibifu. Nilizoea kusema kwamba mfasiri ni sawa na mtu anayekula chakula kilichomo katika sahani yako huku akikueleza utamu wake.

Basi mwezi uliopita nilikwenda Nakivale kuchukua sare za shule za watoto. Huko yuko mama mmoja fundi wa cherehani ambaye mshono wake haufumuki hata kwa mtoto apandaye miti, na bei yake ni nafuu kuliko ya mjini hata ukihesabu nauli. Kwa faida ya jamaa waliohamishiwa Mbarara hivi karibuni, Nakivale iko upande wa kusini mashariki, katika Wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Unapita migomba mpaka unaichoka, kisha ng'ombe wa pembe ndefu, kisha vumbi. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo wamo watu zaidi ya 200,000. Wakongo ndio wengi, nao wamechanganyika na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Wahabeshi na wengineo. Ukisimama sokoni unasikia Kiswahili cha namna nne kwa wakati mmoja. Hiki chetu cha kambini, ambacho watu wa Pwani hukicheka, kule kinasikilizana na vyote.

Fundi wangu alitoka Rutshuru. Alivuka mpaka pale Bunagana mwaka 2022, akakaa kwa muda katika kituo cha Nyakabande huko Kisoro, ndipo akaletwa Nakivale pamoja na mwanawe wa kiume na kichwa cha cherehani alichokuwa amekifunga ndani ya shuka. Meza ya cherehani ilibaki nyumbani. Siku ile nilipofika, sare zilikuwa zimebakia vifungo, na mvua ilikuwa inaanza. Akaniambia, "Mama, nenda ukangoje pale kwenye kibanda. Mwanangu ndiye anayesema." Nilidhani anahubiri.

Kibanda kilikuwa cha miti na turubai, chenye mabenchi, televisheni moja, spika mbili, na umeme wa jua uliohifadhiwa katika betri ya gari. Kiingilio ni shilingi 500. Kijana wa miaka kama 20 alikaa pembeni na kipaza sauti mkononi, jicho moja kwenye picha na jingine kwa watu. Picha yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, ya vita, ambayo nilikwisha kuitazama nyumbani mara mbili. Kwa hiyo niliketi kama mwalimu anayengoja kusahihisha.

Mwanzoni alikuwa kama wenzake wa mjini. Shujaa, ambaye vijana humwita staringi, alipovunja mlango kwa teke, kijana alilalamika kwamba mlango ule umenunuliwa kwa mkopo. Jenerali wa maadui alipokasirika, alimpa sauti ya mtu aliyepanga foleni ya mgawo tangu alfajiri na kuambiwa kadi yake haisomeki. Watu walicheka hata mabenchi yakalia. Nami nilicheka, kisha nikajikasirikia.

Ikafika sehemu ya kijiji. Askari wanaingia, nyumba zinawaka, watu wanakimbia. Mama mmoja aliyebeba mtoto na furushi anapita mbele yetu kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano, kisha picha inamrudia shujaa. Mle kibandani kicheko kilikatika. Mbele yangu walikaa wazee wawili, na mmoja aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Kijana hakufanya mzaha. Alishusha sauti na kusema taratibu kwamba mama yule anaijua njia, kwamba amepita nyuma ya shamba la muhogo. Wakati staringi anapanda helikopta na kupiga makelele, kijana alimwacha apige makelele yake, akaendelea na yule mama: usiku amelala ndani ya shule, asubuhi amefika mpakani, amepewa uji, mtoto ameunywa wote na sasa amelala. Hapo ndipo alipomrudia staringi na kumwuliza kama amekwisha kujisifu. Watu walicheka tena, lakini sasa kilikuwa kicheko cha namna nyingine.

Nasema kwa uhakika wa mtu aliyeiona picha ile mara mbili: hamna uji. Hamna shule wala mpaka. Yule mama haonekani tena hata majina yanapopanda mwishoni.

Picha ilipokwisha nilimwendea kijana na kumwambia hivyo, kwa sababu mpenzi wa sinema hawezi kunyamaza. Nilimwambia, "Mwanangu, yule mama hafiki." Alinitazama kwa adabu, akasema, "Mama, wote waliokaa humu walifika. Nikimwacha njiani, wataniuliza." Akaanza kukunja nyaya zake.

Nilirudi kwa fundi nikiwa nimechanganyikiwa kidogo. Nikamwuliza kama amepata kumsikiliza mwanawe. Hajapata hata siku moja. "Bunduki niliisikia bure," alisema, "sasa nilipe shilingi 500?" Yeye anapenda filamu za marehemu Steven Kanumba, yule Mtanzania aliyefariki mwezi wa Aprili 2012, ambazo kijana wake humwekea katika simu: watu wamevaa vizuri, wanagombana sebuleni juu ya mali na ndoa, na hata wakiuana, wanauana kwa sumu. Filamu hizo zilipendwa sana Kongo. Alinieleza kisa cha mojawapo kwa muda wa vifungo sita.

Nilikuwa karibu kumcheka, kisha nikakumbuka mwaka 2023. Mume wangu alikuwa Somalia. Mwezi wa Mei wa mwaka huo kambi ya askari wetu ya Buulo Mareer ilishambuliwa, na Rais mwenyewe akatangaza kwamba walikufa 54. Mume wangu alikuwa kituo kingine, lakini habari hiyo ilichelewa kunifikia. Kwa miezi yote iliyobaki mpaka aliporudi, mimi, mpenzi mkubwa wa Commando, sikutazama picha ya vita hata moja. Sikuamua. Mkono wangu tu ulikuwa hauendi huko. Niliangalia mapishi.

Tangu siku hiyo nimesoma kidogo habari za wafasiri, nami naona niliwaonea. Kazi yao ni ya zamani. Japani, katika enzi ya sinema bubu, alikuwapo mtu aitwaye benshi, aliyesimama kando ya pazia na kuwasemea waigizaji wote, waume kwa wake. Benshi mashuhuri aliweza kuvuta watu kuliko mwigizaji. Sauti zilipoingia ndani ya filamu, kazi hiyo ikafifia katika miaka ya 1930. Huku kwetu, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walikuwa na kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na lori lao lilizungusha picha za mafunzo Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Kwa kuwa lugha zilikuwa nyingi, maneno hayakufungwa na picha. Yalitoka katika sahani za santuri na katika kipaza sauti. Baadaye walikuja wa kwetu wenyewe. Tanzania ilimpata Derek Mukandala, ambaye mashabiki walimjua kwa jina la Lufufu, na Kenya inaye DJ Afro. Kwa Wajapani sauti ya filamu ilimfukuza mfasiri. Kwetu filamu ilikuja na sauti yake, nasi tukaweka nyingine juu.

Hata wageni wamelitambua jambo hili. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa mwaka 2010 filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, hadithi ya kapteni wa jeshi anayepambana na genge la majambazi. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo mno, na nakala ya kwanza isiyo na mfasiri ilipotea. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, na ndiyo inayotazamwa leo Ulaya na Marekani, watu wakimpenda mfasiri sawa na mapigano yenyewe. Mume wangu aliitazama yote bila ya kunung'unika juu ya risasi. Lakini picha inakwisha bila ya kusema ni nani aliyemwua Kapteni Alex, na jambo hilo linamsumbua hadi leo.

Walakini sitaki msomaji adhani nimekuwa wakili wa vibanda. Kwanza, wenye filamu hizo za nje mara nyingi hawalipwi kitu, na anayeishi kwa jasho la kalamu hawezi kulisifu jambo hilo. Pili, mle ndani niliona watoto wa miaka 8 au 9, saa ambayo mtoto hutakiwa kuwa amekwisha kuoga. Tatu, shilingi 500 si kitu kidogo huko; tangu mwaka 2023 mgawo wa chakula kwa wakimbizi wengi umepunguzwa, na kuna nyumba ambazo kiingilio hicho kinatoka katika fedha ya chumvi. Fundi wangu ananung'unika juu ya hayo yote, na juu ya mwanawe, na kisha anakula katika malipo ya mwanawe, jambo ambalo nalo linamfanya anung'unike.

Lakini kama shabiki nimeshindwa kulisahau lile shamba la muhogo. Wale wanaotengeneza picha hizo huwaweka watu wa kijiji ili shujaa apate sababu ya kukasirika. Kazi ya watu wale imekwisha hapo. Mimi mwenyewe, mara mbili, niliwatazama wakipita nami nikamfuata shujaa. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti, ambaye huenda hata hajui Kiingereza chote kilichosemwa mle, ndiye aliyewafuata wao.

Jumamosi iliyopita nilizima sauti ya televisheni, nikajaribu mwenyewe kuwafasiria watoto wangu Commando. Nilianza vizuri. Nilipomsemea Schwarzenegger kwa sauti ya afande mmoja wa hapa kambini, ambaye sitamtaja, watoto walianguka kwenye mkeka kwa kucheka. Kisha tukafika kule ambako bwana yule anaangusha askari kama mtu anayepura mtama. Wangu wa pili, mwenye miaka 7, akaniuliza huyo aliyeanguka ana watoto wangapi. Katika miaka yote niliyoitazama picha ile, sikupata kumtazama mtu huyo usoni. Nikasema ana wawili, na kwamba ameumia mguu tu, gari la wagonjwa liko njiani. Akauliza habari za aliyefuata. Nikasema naye pia. Tulipofika kwa wa tisa, mume wangu aliinuka, akasema gari hilo litataka mafuta mengi, akaenda kufunga mlango wa nyuma.

Sare zimewaenea watoto vizuri, ila ya mkubwa imepungukiwa na kifungo kimoja. Sina budi kurudi kukifuata. Juma lijalo, maharage.