Zege jepesi si lazima liwe dhaifu

Mnunuzi wa matofali ya saruji mara nyingi hupima ubora kwa mkono. Hulinyanyua tofali, likiwa zito husema ni imara, likiwa jepesi hulikataa. Mazoea hayo yana sababu zake, lakini uzito peke yake si kipimo cha nguvu.

Nchini Marekani wanafunzi wa uhandisi huthibitisha jambo hilo majini. Tangu mwaka 1988, Chama cha Wahandisi Ujenzi cha nchi hiyo (ASCE) kimekuwa na shindano la kitaifa la mitumbwi ya zege. Wanafunzi hubuni mchanganyiko, huunda mtumbwi, huutetea mbele ya majaji, kisha hupiga makasia. Mtumbwi hujazwa maji na kuzamishwa, na sharti uibuke wenyewe.

Kazi hiyo si rahisi. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa takriban kilo 2,400, wakati ya maji ni kilo 1,000. Kwa hiyo wanafunzi huacha kokoto na kutumia punje nyepesi, zikiwamo chembe za kioo zenye hewa ndani. Lakini hewa ikizidi, nguvu hupungua. Ndiyo maana hupima kila kitu, huweka wavu ndani ya zege, hulitunza katika unyevu, na huvunja sampuli kwa mashine kabla ya kuamua mchanganyiko upi utumike.

Wazo hilo lina asili ya shambani. Mwaka 1848 Mfaransa Joseph-Louis Lambot, aliyekuwa na shamba kusini mwa Ufaransa, aliunda mashua ya saruji na wavu wa chuma. Alitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mbao, ambazo huharibiwa na unyevu.

Mkulima anayejenga ghala na mfanyabiashara anayejenga kibanda hawana haja ya chembe za kioo. Wanachohitaji ni nidhamu ya vipimo. Fundi anayeongeza maji ili koleo lipite kwa urahisi anapunguza nguvu ya zege bila kugusa saruji, kwani maji yaliyozidi hukauka na kuacha vitundu. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 za maji ni nusu ya uzito wa saruji, na hutosha kwa kazi nyingi. Unyevu wa mchanga nao uhesabiwe humo. Baada ya hapo zege limwagiliwe maji kwa siku saba angalau, lisiachwe juani likauke.

Hata hivyo, kuna wepesi wa hesabu na wepesi wa kubana saruji. Kwa macho, yote mawili hufanana. Anayeumia ni mnunuzi, ambaye hugundua tofauti ukuta unapopasuka na akiba yake imekwisha.

Vyuo vya ufundi na halmashauri vinaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Katika maonesho ya Nane Nane kuwe na shindano la tofali imara na la bei nafuu, na matofali yavunjwe hadharani. Mkulima akiona lipi limepasuka kwanza, atajua la kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa fedha yake.