Msingi Usifukiwe Kabla Mwenyewe Hajauona



Katika mashamba yetu ya makazi huku Borabu, kutoka Nyansiongo hadi Kijauri, mtu akipata fedha za chai au za maziwa hujenga: huyu banda la ng'ombe, yule ghala ya mahindi. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini nina neno moja la kusema, nalo ni hili: mtu asikubali zege limwagwe msingini kabla yeye mwenyewe hajashuka mtaroni na kuukagua.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi nimepata hasara. Nilipojenga ghala yangu nilikwenda kazini asubuhi, na mtaro ulikuwa haujafika udongo mgumu. Niliporudi jioni nilikuta zege limekwisha kumwagwa, na mistari mitatu ya matofali iko juu yake. Mvua za Aprili zilipokuja, ukuta wa upande wa bondeni ulipasuka kutoka chini hadi dirishani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba mara mbili, na ukuta nikaujenga vilevile, maana kosa lilikuwa chini.

Nchi ya Kisii na Nyamira ni ya milima na mvua nyingi. Udongo wetu mwekundu ni mzuri, lakini juu ni laini kwa sababu ya majembe na mizizi. Mabondeni kuna udongo mweusi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi; huo uondolewe wote, au jengo lihamishwe. Kwa jengo dogo lisilo na ghorofa, mtaro usipungue sentimita 60 kwenda chini, na upana wake vivyo hivyo. Piga chuma chenye ncha katika sakafu ya mtaro: kikizama kwa urahisi, chimbeni zaidi. Sakafu iwe sawa kwa pimamaji, na penye mteremko ichimbwe kama ngazi. Tope na maji yaliyotuama yatolewe. Kisha kagua pembe: pima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, kutoka alama hadi alama lazima uzipate futi 5.

Siku ya kumwaga, uwepo. Karai moja ya saruji, tatu za mchanga safi, sita za kokoto. Vichanganywe vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji yatiwe kidogo kidogo. Wafanyakazi hupenda zege liwe kama uji, kwa kuwa ni jepesi kusukuma. Wakatazeni. Maji yakizidi, zege hukauka likiwa na vitundu, nalo hukosa nguvu. Lishindiliwe vizuri, kisha lifunikwe kwa magunia na kunyweshewa maji kwa siku 7.

Wako wasemao kwamba kumkagua fundi ni kumdharau. Sikubaliani nao. Fundi hodari hufurahi mwenye nyumba akiuona mtaro, maana siku ukuta ukipasuka hatalaumiwa bure. Wengine husema kuwa kungoja siku moja ni kupoteza ujira wa vibarua. Ni kweli, ujira wa siku moja hupotea. Lakini mimi, kwa kuokoa siku moja, nilipoteza ukuta mzima pamoja na magunia ya mahindi yaliyolowa.

Tunapopanda kahawa, twachimba shimo la sentimita 60 na kulitazama vizuri kabla ya kutia mche. Na mche ukifa, hung'olewa ukapandwa mwingine. Msingi mbovu haung'oleki ila kwa kuivunja nyumba iliyo juu yake. Basi, ndugu zangu, shukeni mtaroni.