Hema Ukingoni mwa Bahari

Siku za likizo jamaa wengi wa bara husafiri kwenda pwani ya Kenya, wakachukua hema, sufuria na taa, wapate kulala karibu na bahari. Safari ya namna hii ni njema. Watoto hujifunza kuteka maji, kuwasha moto na kugawana kazi, wala hawahitaji nyumba ya fahari. Lakini liko jambo moja ambalo wasafiri hulisahau mara nyingi, nalo ni kuwauliza wenyeji mahali pa kupiga hema.

Watu wengine hudhani ya kuwa mchanga ni mchanga, na kila mahali ni sawa. Sivyo. Bahari ya Watamu, mji mdogo ulio kusini ya Malindi, hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku saa ya kujaa huchelewa kadiri ya dakika 50. Tena mwezi uandamapo, na uwapo mpevu, huja bamvua, na maji yaweza kupanda zaidi ya meta 3 kutoka pale yalipokupwa. Mgeni aliyeona mchanga mkavu mchana, akawalaza watoto hapo, aweza kuamshwa na maji kabla ya alfajiri. Mvuvi ahesabuye siku za mwezi angalimwonya kwa neno moja. Kuuliza si ujinga.

Basi mgeni akisikia hayo husogeza hema juu kidogo, mahali maji yasipofika. Kumbe hapo nako pana mwenyewe. Kasa hupanda pwani usiku, akachimba shimo katika mchanga mkavu, akataga mayai 100 au zaidi, kisha akarudi baharini. Baada ya muda wa miezi 2 hivi watoto wake hutoka usiku na kufuata upande wenye mwanga, maana kwa desturi bahari iliyo chini ya mbingu wazi hung'aa kuliko nchi kavu. Wakiona taa au moto penye hema hupotea njia. Jua likichomoza hufa kwa kukauka, au huliwa na kaa na ndege.

Wako watakaojibu ya kuwa jamaa wametoka mbali na kulipa nauli, basi waachwe wafurahi watakavyo. Lakini furaha yao haipungui kwa kupiga hema nyuma ya pwani, katika kiwanja kilichowekwa, na kuzima taa mapema. Hata nyota huonekana vizuri zaidi gizani. Hasara ya kasa, kinyume chake, haina malipo ya upesi, maana kasa jike hukua miaka 20 au zaidi kabla hajataga, naye hurudi pwani za upande ule alikozaliwa.

Bahari ya Watamu imehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1968, lakini sheria haiwezi kukesha kando ya kila hema. Kazi hiyo ni ya baba, mama na watoto wenyewe. Mtoto wa miaka 10 azimaye taa yake leo aweza kurudi akiwa mzazi, akawaonyesha wanawe kasa aliyeokoka usiku ule.